Kuomba Nafasi ya Kura: Historia ya Daftari Chini ya Mlima Wanale

Kwa Kiswahili cha leo, anayeomba kura ni mgombea. Husimama juu ya gari, hushika kipaza sauti, akawaomba wananchi wampe kura zao. Katika makala haya tunakusudia kulitazama ombi jingine, ambalo halina kipaza sauti wala ngoma: ombi la mwananchi mwenyewe, anayeomba aandikwe, aruhusiwe, au ahamishwe ili apate kupiga kura. Ombi hilo hutangulia siku ya uchaguzi kwa miezi mingi. Na yeyote anayepanga masharti yake, yaani nani aombe, aombe wapi, mwisho lini na kwa ushahidi gani, huwa amekwisha amua mambo mengi kabla sanduku la kura halijafunguliwa.

Neno lenyewe lafaa kutazamwa kidogo, kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha. Kura ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ile ya bahati: watu huchagua vijiti au vikaratasi bila ya kutazama, na kinachotoka ndicho hukumu. Ndiyo sababu hadi leo watoto hupiga kura wajue nani aanze mchezo. Hivyo neno limehama kutoka katika bahati likaingia katika hiari. Lakini mtu akiisoma historia ya uchaguzi wa Uganda ya mashariki huenda akashawishika kuamini kwamba ile maana ya kale haijaondoka kabisa.

Katika miaka ya karibuni habari za kura zinazopigwa kwa posta zimetufikia sana kutoka nchi za mbali. Desturi hiyo si ngeni. Huko Marekani baadhi ya majimbo yaliwaruhusu askari wapige kura wakiwa kambini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hasa katika uchaguzi wa mwaka 1864. Uingereza iliwapa askari wake nafasi hiyo mwaka 1918, na mwaka 1948 ikawapa pia raia wa kawaida waliozuiwa na ugonjwa au kazi. Kwa muda mrefu mwombaji alitakiwa aeleze sababu: kwa nini huwezi kufika mwenyewe? Kisha sababu ikaondolewa. Jimbo la Oregon liliamua kwa kura ya wananchi mwaka 1998 kwamba uchaguzi wake ufanywe kwa posta, na sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 ikaruhusu kila mpiga kura wa England, Wales na Scotland aombe karatasi ya posta bila ya kutoa udhuru.

Baada ya kulegezwa, masharti yakakazwa tena. Katika jimbo la Georgia, ambako watu zaidi ya milioni moja walipiga kura kwa posta mwaka 2020, sheria iliyotiwa sahihi Machi 2021 ilidai kwamba mwombaji aandike namba ya leseni yake ya udereva au ya kitambulisho. Siku ya mwisho ya kuomba ikarudishwa nyuma hadi siku 11 kabla ya uchaguzi, na maofisa wakakatazwa kuwapelekea watu fomu za maombi wasizoziomba. Nako Uingereza, tangu Oktoba 2023, mwombaji huthibitisha utambulisho wake, na ruhusa yake haipiti miaka mitatu kabla ya kuomba upya. Wanaoyaunga mkono mabadiliko hayo husema yanazuia udanganyifu. Wanaoyapinga husema yanawazuia wazee, maskini na watu wa mbali. Ubishi huo tunaujua. Sisi wenyewe tumebishana kwa karibu miaka 70 juu ya mambo hayo hayo, ila kwetu hakuna bahasha wala stempu. Kwetu ubishi umekuwa juu ya daftari.

Mlima Wanale ni bega la Mlima Elgon linalouinamia mji wa Mbale. Mapokeo ya Wamasaba humtaja Wanale kuwa mmoja wa wana wa Masaba, babu wa kabila lote. Katika miteremko yake hulimwa kahawa, ambayo Chama cha Ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kiliifanya kuwa fahari ya wilaya. Mwaka huo huo, yapata kilomita 150 kuelekea magharibi, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa rasmi mjini Jinja, na umeme wake ukavuta viwanda, kiwanda cha nguo kikiwa miongoni mwa vile vikubwa. Kijana wa Wanale ambaye shamba la baba yake halikutosha kugawanywa kwa ndugu wote aliteremka mlima akaenda Jinja. Mwenzake aliyesoma akawa mwalimu, akapelekwa Soroti, Iganga au Tororo. Tunawataja hawa tangu mwanzo kwa sababu sheria za uchaguzi karibu zote zilizotungwa nchini zimemfikiria mtu anayekaa alipozaliwa.

Uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa wajumbe Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanywa Oktoba 1958 katika sehemu kubwa ya nchi iliyo nje ya Buganda. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kuandikwa. Mwombaji alitakiwa awe ametimiza miaka 21, tena awe na jambo moja la kuonyesha: ardhi aliyoimiliki au kuikalia kwa haki yake mwenyewe, au uwezo wa kusoma na kuandika lugha yake, au miaka ya kutosha katika kazi ya mshahara, au kipato na mali ya kiasi kilichowekwa. Masharti hayo yakitazamwa kwa macho ya leo huonekana mapana kuliko yale ya Kenya ya wakati ule, ambako mwaka 1957 Mwafrika mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kwa elimu na mali yake, na jirani yake asipate hata moja. Lakini fikirini, walimu wenzetu, ni nani aliyeachwa nje. Ardhi ilihesabiwa kwa jina la mwanamume. Mshahara ulikuwa wa mwanamume. Mwanamke wa mlimani aliyelima kahawa maisha yake yote alibakiwa na mlango mmoja tu, nao ni kusoma na kuandika, yaani mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mikononi mwetu sisi walimu, na ambao wasichana wachache sana walikuwa wamefunguliwa.

Kamati iliyoongozwa na J. V. Wild ilipendekeza Desemba 1959 kwamba masharti yalegezwe sana, ili karibu kila mtu mzima apate kura. Mapendekezo hayo yalitoka wakati mbaya kwa watu wa mashariki. Mwezi uliofuata, Januari 1960, ghasia kubwa zilizuka katika wilaya za Bukedi na Bugisu. Chanzo chake kilikuwa kodi: machifu walikuwa wakikadiria mali ya kila mtu na kuandika kiasi atakachotozwa, na wananchi waliona makadirio yale kuwa ya dhuluma. Watu waliuawa, nyumba za machifu zikachomwa moto, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi.

Jambo hili halitajwi mara nyingi linapozungumzwa suala la uchaguzi, nasi twadhani ni kosa kuliacha. Kwa mkulima wa wakati ule, daftari lilikuwa kitu cha kodi. Aliyeandikwa alitozwa. Stakabadhi ya kodi ilikuwa ndicho kitambulisho chake njiani, na aliyekutwa hana aliweza kukamatwa. Kisha, mwaka huo huo wa 1960, yakaja madaftari mengine, na makarani wakawaambia watu wale wale: njoni mjiandikishe, mara hii ni kwa faida yenu. Sitasita ya watu waliotokewa na hayo haikuwa ujinga, ingawa vitabu kadha vimeieleza hivyo. Kodi ile ya kukadiriwa haikuondoka Uganda mpaka mwaka 2005, na kwa miaka mingi daftari la kodi na daftari la kura yaliishi bega kwa bega katika fikira za watu.

Buganda nayo ilifundisha nchi nzima nguvu ya kutoandikwa. Serikali ya Kabaka ilitaka kwanza ijue mahali pake katika Uganda huru, ikawaambia watu wake wasijiandikishe. Walioandikwa huko walikuwa wachache mno. Uchaguzi wa Machi 1961 ukafanywa vivyo hivyo, na matokeo yake yakawa ya ajabu: chama cha UPC kilipata kura nyingi zaidi nchini, lakini chama cha DP kikapata viti vingi zaidi, kwa sababu kilichukua karibu viti vyote vya Buganda kwa kura za watu wachache waliothubutu. Benedicto Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 1962, kanuni zilibadilishwa: wabunge wa Buganda wakachaguliwa na Lukiiko, si na wananchi moja kwa moja, na muungano wa UPC na Kabaka Yekka ukamwondoa Kiwanuka na kumweka Milton Obote. Hivyo serikali iliyoipokea bendera tarehe 9 Oktoba 1962 iliingia kwa kanuni tofauti na zile zilizoiweka serikali iliyoitangulia, nchi ikiwa ile ile na watu wakiwa wale wale.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1964. Katiba ya uhuru ilikuwa imeagiza kwamba wakazi wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi, ambazo Wanyoro walidai walinyang'anywa na kupewa Buganda, waulizwe wanataka kuwa upande gani. Serikali ya Kabaka ilihamisha askari wa zamani wa Kiganda na kuwapa makazi huko Ndaiga, katika kaunti ya Buyaga, wapate kuwa wapiga kura. Serikali kuu ikajibu kwa kanuni moja fupi: watakaopiga kura ni wale tu waliokuwa katika daftari la mwaka 1962 la kaunti hizo. Kwa sentensi hiyo wahamiaji wote wakafutwa. Tarehe 4 Novemba 1964 wapiga kura wakachagua kwa wingi mkubwa kurudi Bunyoro. Twaweza kusema haki ilitendeka, maana hila ya kuwaleta watu kwa ajili ya kura ilishindwa. Hata hivyo kanuni ile ile, ikitumiwa mahali pengine, humfuta pia mwalimu aliyehamishwa kwa barua ya serikali, na mfanyakazi wa kiwandani, na mwanamke aliyeolewa mbali na kwao. Daftari haliulizi mtu alihamia kwa nini.

Baada ya hapo kwa muda mrefu hapakuwa na daftari la kubishania. Uchaguzi uliotarajiwa mwaka 1971 haukufanywa, kwani Idi Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari mwaka huo. Tangu Aprili 1962 mpaka Desemba 1980 Waganda hawakuchagua bunge: miaka 18. Watoto waliozaliwa wakati wa uhuru walikuwa wamekuwa watu wazima bila ya kuona wazazi wao wakichagua mbunge.

Na uchaguzi ule wa tarehe 10 na 11 Desemba 1980 ndio uliotia doa ambalo mpaka leo halijatoka. Palikuwa na mabishano makali juu ya masanduku. Je, wagombea wote watumie sanduku moja, au kila chama kiwe na sanduku lake? Mtu asiyejua mambo haya aweza kudhani ni suala dogo la maseremala. Kumbe lilikuwa suala zima. Katika sanduku moja, karatasi hubeba alama ya aliyechaguliwa. Ukiihamisha popote bado inasema ile ile. Kila chama kikiwa na sanduku lake, karatasi haina haja ya alama, na karatasi zisizo na alama zikihamishwa usiku kutoka sanduku hili kwenda lile, asubuhi hakuna awezaye kujua. DP ilidai sanduku moja, ikashindwa. Kura zilipokuwa zikihesabiwa, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, alitoa amri kwamba matokeo yasitangazwe na mtu yeyote bila ya idhini yake, na atakayekaidi apigwe faini ya shilingi 500,000 au afungwe miaka mitano. UPC ikatangazwa kuwa mshindi. Miezi miwili haikutimia, Februari 1981, Yoweri Museveni na wenzake wakaanza vita vya msituni.

Tangu hapo Mganda wa kawaida hakuamini tena kura asiyoiona. Tunaisisitiza hoja hii kwa kuwa ndiyo inayoeleza yaliyofuata. Serikali mpya ilipoingia Januari 1986, ilianzisha mabaraza ya vijiji yaliyojulikana kwa kifupi kama RC, na wajumbe wake wakachaguliwa kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Hapakuwa na karatasi wala sanduku, na hapakuwa na daftari zaidi ya macho ya wanakijiji wenyewe, ambao walijua nani ni wao na nani ni mgeni. Februari 1989 njia hiyo ilitumiwa kwa uchaguzi wa kuliongeza Baraza la Taifa: kijiji kilipanga mstari, waliochaguliwa wakaenda kuwa wapiga kura wa ngazi ya juu, na kadhalika hadi juu. Hesabu ilifanyika mchana kweupe. Kwa watu walioibiwa gizani mwaka 1980, hiyo haikuwa faraja ndogo.

Lakini mstari una bei yake. Mwalimu wa shule ya kijiji akisimama nyuma ya mgombea mmoja, mwenyekiti wa kamati ya shule yuko nyuma ya mwingine, na wote wawili wanaonana. Mdeni na mdai wanaonana. Mke na mume wanaonana. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, upangaji mstari wa mwaka 1988, ambao wenzetu waliuita mlolongo, ulionyesha ubaya wa pili: mstari mrefu ulitangazwa kuwa mfupi, na kwa kuwa mstari ukitawanyika haubakizi karatasi, hapakuwa na kitu cha kuhesabu upya. Kwa hiyo hata jicho hudanganywa. Uganda ilirudi kwenye kura ya siri na sanduku moja katika uchaguzi wa Bunge la Katiba tarehe 28 Machi 1994, ingawa vijiji vilibakiziwa mstari. Wenyeviti wa vijiji walipochaguliwa tarehe 10 Julai 2018, mara ya kwanza tangu 2001, watu walipanga mstari, huko Wanale kama kwingineko.

Katiba ya 1995 inasema katika ibara ya 59 kwamba kila raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura, na papo hapo inasema ni wajibu wake kujiandikisha, na kwamba dola ichukue kila hatua ipasayo ili wenye sifa waandikwe na waitumie haki hiyo. Ni ibara nzuri. Wanafunzi wa madarasa ya juu wangefaidika kuisoma na kuifasiri kwa Kiswahili, maana haki na wajibu zimewekwa ndani yake kama pande mbili za sarafu. Sheria iliyofuata ikaeleza mahali: raia huandikwa katika parishi, yaani kundi la vijiji, anakotoka au anakokaa, na hupiga kura katika kituo alichoandikiwa tu. Akihama, hana budi aombe kuhamishiwa jina lake, naye huomba katika kipindi kinachotangazwa. Kipindi kikipita, kimepita. Kisha majina hubandikwa hadharani ili wanakijiji wayasome na kumpinga asiyestahili. Hapo tunauona tena urithi wa 1980: daftari nalo limepangishwa mstari mchana kweupe.

Badiliko kubwa la karibuni lilikuja na kitambulisho cha taifa. Uandikishaji wa raia wote ulianza mwaka 2014, sheria yake ikapitishwa mwaka 2015, na daftari la wapiga kura likaanza kuchotwa katika daftari la raia. Katika uchaguzi wa Februari 2016 mashine zilisoma alama za vidole vituoni. Hivyo namba ya utambulisho ikawa mlango wa kura, miaka michache kabla ya ile sheria ya Georgia. Faida yake si ndogo, kwani marehemu wengi waliokuwa wakiandikwa mara mbili wamepumzika. Hasara yake ni kwamba ombi moja limezaa mawili: kwanza uombe kuwa raia anayejulikana, ndipo uombe kuwa mpiga kura. Kijana anayetimiza miaka 18 baada ya daftari kufungwa, hata ikiwa ni miezi mingi kabla ya siku ya kura, husubiri miaka mitano. Kwa uchaguzi wa Januari 2026 zoezi la kurekebisha daftari lilianza tarehe 20 Januari 2025, karibu mwaka mzima kabla.

Sasa tuwatazame wale wa mlimani ambao hawakuhama kwa kupenda. Tarehe 1 Machi 2010 ardhi iliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, ubavu mwingine wa Elgon huu huu, ikafukia watu mamia. Serikali iliwahamisha waathirika wengi hadi Kiryandongo, mbali upande wa magharibi, na tangu 2019 wengine wa milimani wakapewa makazi Bunambutye, wilayani Bulambuli. Tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ikafurika katika mji wa Mbale na kubomoa nyumba. Mtu aliyepoteza nyumba huwa amepoteza pia kitambulisho kilichokuwa sandukuni, na kituo chake cha kura kimebaki alikokimbia. Sheria haikumfukuza, inamwambia tu aombe uhamisho kwa wakati. Lakini neno 'tu' hapo limebeba mzigo mzito kuliko neno lolote katika sentensi ile.

Je, dawa yake ingekuwa kura ya posta? Baadhi ya wenzetu wameuliza hivyo, na swali lao lastahili jibu la kweli. Posta ya Afrika Mashariki haikujengwa kufika mlangoni. Ilijengwa kufika kwenye sanduku la posta mjini, na sanduku hilo mara nyingi ni la shule, la kanisa, la msikiti au la chama cha ushirika. Barua ya mkulima wa Wanale ilipitia kwa mwalimu mkuu, ambaye aliwaita watoto gwarideni akawagawia za wazazi wao. Tuliiona kazi hiyo kuwa ya heshima, na ilikuwa hivyo. Lakini karatasi ya kura ikipita njia hiyo itakuwa imepita mikono mitatu kabla ya kufika, na mitatu mingine kabla ya kurudi. Nyumbani nako, nani atakayeijaza? Mwenye nyumba aliyezoea kusema kwa niaba ya wote hatashindwa kujaza kwa niaba ya wote. Kibanda cha kupigia kura, pamoja na foleni yake na jua lake, ndicho mahali pekee ambapo mwanamke wa kijijini husimama peke yake na kalamu bila ya mtu kumchungulia. Kwa hiyo sisi hatuipendekezi kura ya posta kwa Uganda, ingawa twaona ilivyowafaa wengine.

Palipo na haja zaidi ni kwenye ombi la uhamisho. Zanzibar imejaribu njia yake: sheria ya uchaguzi ya mwaka 2018 iliruhusu kura ya mapema kwa askari na watumishi wa uchaguzi watakaokuwa kazini siku yenyewe, nao wakaipiga tarehe 27 Oktoba 2020, siku moja kabla ya wengine. Vyama vya upinzani vililalamika sana, vikahofu kwamba siku ya ziada ni nafasi ya ziada ya hila. Hofu hiyo nayo hatuwezi kuidharau, tukikumbuka yetu ya 1980. Lakini wazo lililo chini yake, kwamba kazi ya umma isimnyime mtumishi kura yake, ni wazo linalotuhusu walimu moja kwa moja. Madarasa yetu ndiyo vituo, na mara nyingi wenzetu ndio makarani wa vituo hivyo. Wako wanaokaa kutwa nzima wakiwapa wengine karatasi, na majina yao yamo katika daftari la wilaya nyingine.

Mahakama Kuu mjini Kampala ilitoa hukumu Juni 2020 kwamba Waganda walioko nchi za nje, na wafungwa waliotimiza miaka 18, wana haki ya kupiga kura kama raia wengine. Ibara ile ya 59 ilisomwa kama ilivyoandikwa: kila raia. Uchaguzi wa Januari 2021 ulifanywa bila ya wao, huku daftari likiwa na majina zaidi ya milioni 18. Wakenya kwa upande wao wameanza. Tangu mwaka 2013 Mkenya anayeishi Uganda, awe mwalimu wa Mbale au mfanyabiashara wa Jinja, ameweza kujiandikisha Kampala na kumpigia kura rais wa nchi yake huko huko, akiwa na hati zake mkononi. Mwalimu wa Kiganda anayefundisha Nairobi, akitaka kufanya vivyo hivyo, hupanda basi la usiku hadi Busia au Malaba, avuke mpaka, afike katika parishi ambamo jina lake limebandikwa, kisha apande basi jingine arudi kazini.